Roho Juu na Ushanga Uliosogea

Waliompa jina la Roho Juu hawakumwonea hata kidogo. Binti huyu tangu utotoni alikuwa hawezi kubandika maji jikoni bila kuyafunua kila mara, ahakikishe bado ni maji. Ukimtuma chumvi, anafika mlangoni, anageuka: "Umesema chumvi, eti?" Matokeo ya mtihani yalipobandikwa ubaoni na jina lake liko juu kabisa, alirudi kuliangalia mchana, akarudi tena jioni, isije ikawa kuna mwingine mwenye jina kama lake. Mtu wa namna hiyo, kama ningeulizwa mimi, ningemtafutia kazi ya kulinda mlango uliofungwa. Lakini hakuna aliyeniuliza. Akaenda kusoma fizikia, akazidi kusoma, mpaka akaangukia kwenye kazi ambayo hata mtu asiyejua hofu ingemtoa jasho: kuvuta uzi usioonekana kwa macho, na kupima kuuvuta kumegharimu kiasi gani.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya chini kabisa, hakina dirisha, na mlangoni pamebandikwa karatasi: USIBAMIZE. Ndani watu wanavaa kandambili za mpira na wanaongea kama wako msibani, maana mashine inasikia kila kitu. Mtu akipiga chafya, chafya yake inatokea kwenye grafu kama kilima. Lori likipita barabarani, kilima kingine. Siku moja mfagiaji aliangusha ndoo koridoni, na Roho Juu akaikuta ile ndoo kwenye data zake, imechorwa vizuri kabisa, kasoro mpini tu.

Kinachovutwa ni kijiuzi cha vinasaba, kifupi kuliko unavyoweza kufikiria, kilichojikunja chenyewe kama pini ya nywele. Kinatoka ndani ya kijidudu fulani cha maradhi, na kijidudu hicho hakiwezi kuzaliana bila kuifungua pini hiyo. Ukijua kuifungua kunahitaji kazi kiasi gani, umejua pa kukikabia. Dada yake Roho Juu, ambaye ni msusi, alipoambiwa kwamba mdogo wake amesoma miaka yote hiyo ili afungue pini ya nywele, alicheka mpaka mteja aliyekuwa kitini akamwomba aache kucheka kwanza, kichwa ni chake.

Ncha moja ya uzi imegandishwa kwenye ushanga mdogo kuliko chembe ya vumbi, na ushanga huo umeshikwa na mwanga. Ndiyo, mwanga. Usinitazame hivyo. Mwanga wa leza ukikusanywa mahali pamoja unakishika kitu kidogo kama vidole viwili, ila vidole vyenyewe ni laini, vinabonyea. Ncha ya pili imegandishwa kwenye ushanga mwingine ulionyonywa na kijibomba cha kioo, na kijibomba kimefungwa kwenye meza ndogo inayosogezwa na mota. Unasogeza meza, uzi unakaza. Mashine nzima ni hiyo, mengine yote ni nyaya na bei.

Sasa hapa ndipo wasomi wanapoanza kukunja uso na kuandika alama zinazofanana na ndoana. Mimi nitakueleza kwa gari bovu na utaelewa kabla chai haijapoa. Umewahi kusukuma gari lililozimika. Mwanzo ni zito, halafu linakubali, halafu kuna tuta na linakuwa zito tena, halafu mteremko, unabaki kulikimbilia. Ukiulizwa umefanya kazi kiasi gani, huwezi kuichukua ile nguvu ya kwenye tuta ukaizidisha kwa barabara nzima, ingawa wanaume wote niliowasikia wakisimulia habari ya gari bovu hufanya hivyo hivyo. Nguvu ilikuwa inabadilika njia nzima. Kwa hiyo unaikata barabara vipande vyembamba, vyembamba kiasi kwamba ndani ya kipande kimoja nguvu haipati nafasi ya kubadilika. Unazidisha nguvu ya kipande kwa urefu wake, halafu unajumlisha vipande vyote. Kwenye grafu, hilo ndilo eneo lililo chini ya mstari. Umeona? Na ada hukulipa.

Uzi wa Roho Juu ulikuwa na tabia za gari bovu. Mwanzo umelegea, hauvuti kitu. Halafu unakaza, unakaza, ghafla pini inafunguka na nguvu inaanguka, halafu unaanza kukaza upya. Vipande vyake alivikata vyembamba kupita haja. Aliandika programu ya kompyuta ya kuvikata na kuvijumlisha, akaihakiki, akahakiki alichokihakiki, jibu likatoka. Jibu hilo lilipigwa chapa kwenye bango kubwa, likabandikwa koridoni, na mkuu wa maabara, aliyeitwa Mama Profesa na wote hadi fundi mwenye mvi kumzidi, akawa anasimama mbele yake na kila mgeni.

Maabara ile ilikuwa na desturi yake. Kila anayeingia anarudia kazi ya aliyemtangulia, kwa mikono yake mwenyewe. Jibu lake likilingana, anakaribishwa na kupewa kazi yake. Lisipolingana anarudia, na likigoma kabisa anaambiwa kwa upole kwamba mikono yake haifai kwa vitu vidogo, anaaga. Mama Profesa mwenyewe alipita hapo. Roho Juu alipita hapo, na wakati wake alikonda hadi dada yake akampunguzia sketi zote viuno.

Aliyekuja baada yake ni mtu waliyemwita Polepole. Bwana mrefu, mpole, aliyekuwa mwalimu wa sekondari, akaacha kufundisha ili asome tena, na kiti chake shuleni kikapata mtu kabla hakijapoa. Ana mke, ana mtoto mchanga. Alikuwa anaongea kama mtu anayechambua mchele, neno moja baada ya jingine, na kila moja analitazama kwanza. Alimzidi Roho Juu kwa umri lakini alimwita dada, kwa kuwa alimkuta kazini. Na jibu lake halikulingana. Lilikuwa kubwa kuliko la bangoni, na ubaya ni kwamba halikuyumba. Alivuta uzi baada ya uzi, jibu likawa kubwa vile vile, kama mtu anayekosea kwa makusudi.

Mwanzoni mwa juma Mama Profesa alimwita Roho Juu ofisini, akamwambia kwamba Ijumaa watakaa waamue habari ya Polepole. Kabla ya hapo asimame nyuma yake, amwangalie akifanya kazi. "Nataka uniambie mikono yake inakosea wapi," alisema. Hakusema kama inakosea. Alisema wapi.

Roho Juu akatoka pale. Kumhukumu mtu ni kazi ya watu wenye ngozi ngumu, na yeye ngozi yake ilikuwa ya kitunguu. Kesho yake alisimama nyuma ya kiti cha Polepole, mikono mfukoni.

"Dada, ukiona kitu usinionee haya," Polepole alimwambia bila kugeuka. "Bora nijue."

Akaangalia. Aliona mtu anaosha kioo kwa subira ambayo yeye hakuwahi kuwa nayo. Aliona mtu anaukamata ushanga mmoja, anaungoja utulie, anausogeza wa pili taratibu mpaka uzi unajishikiza. Kabla ya kuvuta alipima upya ulaini wa vile vidole vya mwanga, jambo ambalo wengi hulifanya asubuhi tu kisha hulisahau. Akavuta. Uzi ukakaza, pini ikafunguka, mstari ukachorwa kwenye skrini ukiwa safi, bila hata chafya moja. Mikono hii ilikuwa mizuri kuliko ya kwake.

Akatafuta kosa kama mtu aliyepoteza ufunguo, hata pale ambapo hakupita. Na mwisho akaliona, au alidhani ameliona: kitasa cha ukali wa leza kilikuwa chini, chini sana kuliko alikokuwa akikiweka yeye siku zake. Akamfuata fundi wa leza, mzee aliyekaa kwenye chumba cha pembeni akila karanga. Fundi akamjibu kwamba ile leza imezeeka, inachemka, na ameipunguzia makali ili ifike siku mpya itakapoletwa. "Hata wewe ukifika umri wake utaomba upunguziwe," alisema.

Basi. Roho Juu alirudi koridoni karibu kuruka. Mwanga dhaifu, jibu kubwa, sababu hiyo hapo. Polepole amepona, bango limepona, kila mtu amepona. Kwa mara ya kwanza juma lile roho yake ilishuka, ikakaa mahali pake. Ilikaa pale kwa muda wa kutoka chumba cha fundi hadi mlango wa karatasi ya USIBAMIZE. Alipoushika mkono wa mlango, ikapanda tena.

Maana uzi hauna macho. Haujui anayeuvuta ni mwanga mkali au mwanga dhaifu. Pini inahitaji kazi ile ile kufunguka. Polepole nguvu zake alizipima upya kwa mwanga ule ule dhaifu, kwa hiyo nguvu ni sahihi. Kama jibu linabadilika kwa kufuata mwanga, basi kuna kitu cha mwanga kimeingia ndani ya jibu.

Na hapo likamjia swali ambalo Polepole alimuuliza siku zake za mwanzo, na yeye alikuwa na haraka. "Dada, huu umbali ni wa uzi au ni wa meza?" Alimjibu nini? Alimjibu ni umbali tu, asome programu.

Rudi kwenye gari letu bovu, safari hii kuna matope. Unasukuma, miguu inateleza. Umepiga hatua nyingi, gari limesogea kidogo. Ukizidisha nguvu yako kwa hatua ulizopiga, utajisifu kwa kazi ambayo gari halikuipata; nyingine imeishia kwenye matope. Matope ya Roho Juu yalikuwa ni vile vidole laini. Uzi ukivutwa, ushanga ulioshikwa na mwanga unasogea kidogo kuufuata. Meza imekwenda umbali wake, ila sehemu ya umbali huo imeliwa na ushanga kusogea, uzi haukurefuka kiasi hicho. Mwanga ukiwa dhaifu, ushanga unasogea zaidi, jibu linavimba zaidi. Na kinachouma ni kwamba msogeo huo alikuwa anaujua. Ndio aliokuwa anautumia kila siku kupata nguvu. Aliutumia kwenye nguvu, akasahau kuutoa kwenye umbali. Yeye, anayefunua maji kuhakikisha ni maji.

Akakaa kwenye kompyuta ya pembeni, mgongo ukutani asije mtu akachungulia. Akautoa msogeo wa ushanga kwenye data za Polepole, jibu likashuka. Akautoa kwenye data zake mwenyewe, jibu likashuka, kidogo kuliko la mwenzake lakini likashuka. Majibu mawili yakakaa sehemu moja. Alirudia. Yalikataa kuachana.

Kwa hiyo Polepole hakuwa na kosa, ila programu aliyopewa. Na bango lile la koridoni, lenye jina la Roho Juu kwa wino mzito, lilikuwa la uongo.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho shetani hahitaji kukunong'oneza ukiwa na akili za hesabu, unakipata mwenyewe. Kama angemwomba fundi ainue leza kwa siku moja, irudi ilikokuwa zamani, Polepole angevuta tena kwa ile mikono yake mizuri na angepata jibu la bangoni sawasawa. Angekaribishwa. Mama Profesa angefurahi. Wote wawili wangekuwa wamekosea pamoja, kwa amani. Akaenda hadi kwa fundi akauliza, kama mtu anayeuliza bei tu bila nia ya kununua, kama inawezekana. Fundi akasema kwa siku moja haitakufa. Atainua Ijumaa asubuhi akitaka.

Jioni ya Alhamisi alifika nyumbani, vyumba viwili wanavyopanga na dada yake, cha mbele ndicho saluni. Alikuta dada anamsuka mteja wa mwisho. Akakaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, akavuta lile kofia la plastiki hadi puani kama anayejificha mvua, akamweleza yote kutoka humo ndani.

Dada alisuka, akasikiliza, kisha akauliza yanayohusu watu, maana ya uzi yalimpita. Huyo bwana mwenye mtoto mchanga, mwanga ukiinuliwa atabaki kazini? Atabaki. Na wewe utabaki? Nitabaki. Huyo Mama yenu atajua? Hatajua.

"Basi mwinulie mwanga yaishe," alisema dada. "Mbona unataka kufa kabla ya siku zako, mdogo wangu?"

Hata mteja akatikisa kichwa kukubali, kadiri mtu anayesukwa anavyoweza kutikisa.

Roho Juu aliinua kofia kidogo. Halafu akasema, "Leza mpya inakuja. Atakuja mwingine baada ya Polepole. Atavuta kwa mwanga mwingine, atapata jibu lingine, na mimi nitatumwa kusimama nyuma yake."

Dada akaufunga ncha msuko aliokuwa ameushika. Kisha akasema sawa, ila ale kwanza, maana hata kufukuzwa kunataka nguvu. Roho Juu hakula. Aliizungusha sahani mpaka chakula kikazunguka chote bila kupungua.

Ijumaa walikaa wanne kwenye chumba cha mikutano: Mama Profesa kichwani pa meza, Polepole amevaa shati lililopigwa pasi ya harusi, fundi wa leza karibu na mlango, na Roho Juu ambaye alikuwa ameshakwenda msalani zaidi ya ilivyohitajika. Kabla hawajaanza, fundi alimwinamia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ile leza aiinue. Roho Juu alitikisa kichwa kukataa. Alikitikisa kidogo sana, akaogopa hakueleweka, akakitikisa tena.

"Haya," alisema Mama Profesa. "Inakosea wapi?"

"Shikamoo Mama," alisema Roho Juu, ingawa walishaamkiana asubuhi. "Mikono yake haikosei. Nimekosea mimi."

Akaenda ubaoni. Kalamu ya kwanza ilikuwa imekauka, ya pili ikaanguka, ikabidi Polepole aiokote. Akachora ushanga, akachora mwanga, akachora meza. Akachora ushanga mahali ulipokuwa na mahali uliposogea, na nafasi ndogo katikati yake akaipaka rangi. Akasema nafasi hiyo ndogo imo ndani ya bango. Akaandika majibu mawili mapya, la kwake na la Polepole, moja juu ya jingine, akabaki amesimama na kalamu kama anayengoja kuchapwa.

Mama Profesa alivua miwani. Akautazama ubao muda mrefu. Halafu akauliza nani aliihakiki ile programu.

"Uliipitisha wewe, Mama," alisema Roho Juu.

Fundi alikohoa. Mama Profesa akairudisha miwani puani, akatoka nje, na wote watatu wakamsikia koridoni. Hakuwa analia wala kufoka. Alikuwa anabandua gundi kwa kucha. Aliporudi bango lilikuwa chini ya kwapa lake, limekunjwa.

Akamwambia Polepole amekaribishwa, na akamwomba radhi, jambo ambalo fundi aliapa baadaye hakuwahi kulisikia humo ndani. Akasema barua kwa wote waliopewa jibu la zamani ataziandika yeye, na jina lake litakuwa la kwanza. Kisha akamgeukia Roho Juu.

"Jibu lako halikulingana na la mwenzako."

"Ndiyo, Mama."

"Umelirekebisha kwenye kompyuta. Mikono bado. Desturi yetu unaijua."

Aliijua. Ilimaanisha kurudi mwanzo, kuosha vioo upya, kukamata nyuzi mpya na kuzivuta kwa ile leza chovu mpaka jibu lake lilingane na la Polepole. Na likigoma, yeye ndiye atakayeambiwa kwa upole.

Jumatatu alivaa kandambili akakaa mbele ya mashine, na Polepole akasimama nyuma yake, mikono mfukoni. Ukuta wa koridoni ulikuwa na alama nyeupe ya mraba pale bango lilipokuwa, na kila aliyepita alipatazama. Roho Juu aliukamata ushanga wa kwanza, ukamtoroka. Akakamata mwingine. Uzi ukajishikiza. Alipogusa kitufe cha mota, mstari kwenye skrini ulianza kutikisika kama jani.

"Dada," alisema Polepole, baada ya kulitazama neno lenyewe kwanza, "kiwiko chako kinagusa meza."

Akakiondoa kiwiko. Mstari ukatulia. Uzi ukakaza, ukakaza, pini ikafunguka, nguvu ikaanguka, uzi ukaanza kukaza upya. Namba zikaanza kushuka pembeni mwa skrini, kipande baada ya kipande, na yeye hakuzitazama. Aliufuata ushanga ule uliokuwa kwenye mwanga, uliosogea kidogo sana, kama mtu anayeegemea upande mmoja kwa uchovu.

"Huu umbali ni wa uzi, eti?" aliuliza.

Polepole akainama, akasoma programu kutoka juu hadi chini, taratibu, huku Roho Juu akimsubiri bila kupepesa.

"Ni wa uzi, dada."

"Hebu angalia tena."